Kidole Kwanza, Jicho Baadaye

Katika karakana ile ya vitabu vya wasioona kulikuwa na sheria moja ambayo haikuwahi kuandikwa popote, si kwa wino wala kwa nukta: kidole kwanza, jicho baadaye. Ukurasa ukishachapwa kwa nukta nundu, waliketi watu wawili mezani. Mmoja haoni, na mbele yake pana ukurasa wa nukta. Wa pili anaona, na mkononi ana kitabu cha wino. Asiyeona husoma kwa sauti, anayeona hufuatisha kimya. Na huyo anayeona haruhusiwi kutangulia kutamka neno, hata wakikaa mpaka chai ikaota utando. Mtoto atakayekisoma kitabu kile darasani hatakuwa na mtu wa kumnong'oneza.

Mama Nukta aliishika sheria hiyo miaka ishirini na saba. Surua ilimpofusha akiwa wa miaka minne, na alipotimiza saba mwalimu mmoja alikishika kidole chake cha shahada, cha mkono wa kulia, akakiweka juu ya nukta iliyokaa peke yake kama punje ya mtama iliyosahauliwa mezani. "Hii ni a," akamwambia. Basi. Kwa punje ile moja akaingia duniani mara ya pili. Kidole kile kilimsomesha, kikampa kazi, kikamposea hata mume, maana marehemu naye hakuwa akiona, na barua zao zilipita mikono ya wengi bila mtu kujua zimebeba nini.

Yeye na mwenzake wa mezani waliitwa jozi ya Nukta na Macho. Macho alikuwa mzee mwenye miwani mizito kama vitako vya chupa, na jina lake lilikuwa utani mtupu.

"Macho, leo umekuja nayo yote mawili?"

"Moja nimeliacha nyumbani, dada, linalinda kuku."

"Na hilo lililokuja linajua kusoma?"

"Linajua kusoma. Kuona ndiko linakojifunza."

Hivyo ndivyo walivyofungua siku, kila siku, kabla ya karatasi ya kwanza. Kisha Mama Nukta alishusha mkono, kidole kikaanza kukimbia, na sauti yake ikamfuata mtu asiyemwona wala kumjua: mtoto wa mwisho darasani.

Maradhi yalimjia kwa adabu. Yalianza kama mkono uliolaliwa. Aliamka alfajiri, gumba na vidole viwili vinavyofuata vimekufa ganzi, vinachonyota kana kwamba sisimizi wamehamia ndani ya ngozi. Akiukung'uta mkono kando ya kitanda, kama mtu anayekung'uta maji, sisimizi wanatawanyika.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye waliishi naye nyumba moja tangu msiba, alimkuta katika kukung'uta huko.

"Wifi, unampungia nani mkono saa hizi? Una mchumba dirishani?"

"Ninaye. Kaja kukuposa wewe, namwambia umeshazeeka."

"Mwambie sura imezeeka, ulimi bado." Kisha akaketi kitandani, akaushika ule mkono. "Unauma?"

"Umelala tu."

"Mkono haulali kila siku, wifi. Hata mvivu huamka."

Wifi alikuwa na tiba ya kila kitu. Alimkanda kwa maji ya chumvi, akampaka dawa ya kuchua yenye harufu ya kupasua pua, na mwisho akamfunga kitambaa kifundoni, akakikaza kwa meno. Alisema maumivu ni kama mbuzi, usipoyafunga yatazurura. Usiku ule Mama Nukta aliamka akilia. Moto ulikuwa umepanda kutoka kiganjani mpaka kwenye kiko cha mkono. Wifi alikifungua kitambaa na kuomba radhi mara tatu, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Nenda hospitali. Mficha uchi hazai."

"Nizae nini mimi umri huu?"

"Usinichekeshe. Nenda."

Hakwenda. Alijua kitakachosemwa hospitali: pumzika. Na kupumzika kwa kidole chake kulikuwa kama kumwambia mwingine afumbe macho mwaka mzima. Kwa hiyo alifanya alichokijua. Nukta zilipoanza kufifia, alikandamiza zaidi.

Hapo ndipo lilipozaliwa kosa. Msomaji wa nukta hakandamizi; hata mtoto wa darasa la kwanza hupigwa marufuku. Nukta husomwa kwa kupapaswa, kama unavyopapasa paji la uso la mtoto mwenye homa. Ukiikandamiza, inalala. Mama Nukta mwenyewe alikuwa amewafundisha wasomaji sita maneno hayo hayo. Lakini mtu aliyeanza kuzama hakumbuki mafunzo ya kuogelea. Hushika chochote, hata kama ni shingo ya mwenzake.

Shingo aliyoishika ilikuwa ya Macho.

Hawakuwahi kulizungumza. Ilianza siku alipokwama katikati ya mstari, kidole kikienda na kurudi juu ya karatasi iliyokuwa laini kama kioo, na Macho akavuta pumzi. Pumzi tu, ile ya mtu anayetaka kusema neno linaloanza kwa m. Mama Nukta akasema, "mlima." Lilikuwa sahihi. Siku nyingine alikohoa kidogo alipokosea. Siku nyingine alijinong'oneza silabi ya kwanza, kama mzee anayefikiri kwa sauti. Wiki zikapita, na Mama Nukta akawa anasoma kwa sikio. Kidole kilitembea juu ya karatasi kwa heshima tu, kama mzee anayetangulizwa kwenye msafara na huku njia inaonyeshwa na wengine. Kilitembea kwa uzito. Kila kilipopita, kilipiga pasi.

Kitabu kilichokuwa mezani kilikuwa cha hesabu, cha darasa la nne.

Kurasa zile za karatasi ndizo zilizokuwa mama wa nakala zote. Ziliwekwa kwenye mashine, zikafunikwa karatasi ya plastiki iliyopashwa moto, na plastiki ikafyonzwa mpaka ikachukua umbo la kila nukta. Kilichosimama kikazaa kilichosimama. Kilicholala hakikuzaa kitu. Na katika nukta nundu, nne ikipoteza nukta yake moja ya pembeni, inabaki tatu.

Barua ilikuja baada ya miezi miwili, kutoka kwa mwalimu wa shule ya mbali. Mkuu wa karakana aliisoma ofisini, Mama Nukta na Macho wakiwa wamesimama. Watoto kumi na wanne, mwalimu aliandika, walifanya hesabu za ukurasa wa hamsini na mbili kama walivyozisoma, na wote walikosa. Alidhani ni uzembe, akawarudisha. Wakakosa tena vilevile. Msichana mmoja, ndiye bingwa wao, alianza kulia, akasema asipewe tena vitabu kwa sababu kidole chake kimeharibika.

Mkuu aliikunja barua. Akamwita msomaji wa meza ya pili, mwanamke aliyefundishwa kazi na Mama Nukta, akampa ule ukurasa mama. Kidole chake kilisikika kikipita, shaa, shaa, kisha kikasimama.

"Zimelala," akasema polepole. "Zimelala nyingi. Hapa kama pamepigwa pasi." Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetamani asingeitwa, "Shikamoo, mama."

Mama Nukta hakuitika. Alikuwa amekishika kidole chake cha shahada kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyemkamata mwizi na kugundua ni mwanawe.

Nje, ukutani, Macho alivua miwani akaifuta kwa shati. Mama Nukta aliijua sauti ya kitambaa juu ya kioo.

"Dada, nilikuwa nakusaidia."

"Najua. Na mimi nilikuwa nasaidika."

"Ningesema ukweli siku ile ya kwanza..."

"Ningekuchukia."

"Ungenichukia wiki moja."

"Mbili," akasema Mama Nukta. Hawakucheka.

Daktari alikuwa mwanamke, na kwa sauti yake angeweza kuwa mwanawe. Alimkaribisha kwa kumwita mama, akauliza kazi yake, akauliza kama ana kisukari, kama tezi ya shingo imewahi kumsumbua, kama maumivu huzidi usiku. Kisha akamwambia akunje vifundo vyote viwili, migongo ya mikono ielekeane, abaki hivyo dakika moja. Nusu dakika haikufika. Sisimizi walirudi na jamaa zao wote. Daktari akagonga kwa ncha ya kidole katikati ya kifundo, na cheche ikaruka mpaka kidole cha kati.

"Na hiki cha mwisho, kidogo, nacho kinakufa ganzi?"

Mama Nukta akafikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za kidole kidogo. Ni kidole ambacho mtu hukikumbuka akijigonga. "Hapana. Hicho hakina neno."

"Basi ni kama nilivyodhani." Akakichukua kiganja chake, akakigeuza juu, akakieleza kama mtu anayempitisha mgeni nyumbani. "Hapa kwenye kifundo, chini kuna vifupa vinane vimejipanga kama sakafu ya bakuli. Juu yake pamepita utepe mgumu. Kati yao ni njia nyembamba sana, na humo wanapita wasafiri kumi: kano tisa zinazokunja vidole, na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba, au njia ikisonga, nani anayebanwa?"

"Aliye laini."

"Ndiyo, mama. Mshipa. Nao ndio unaopeleka hisia kwenye gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole kidogo kina mshipa wake, unapita njia nyingine."

"Nimeupata kwa kazi?"

"Kazi inachangia. Miaka mingi ya kushika ile kalamu ya chuma ya kutobolea nukta kwa nguvu, na mkono umekunjwa. Lakini wapo wanaoupata bila kazi yoyote, na wapo waliofanya kazi kama yako wasiupate. Sina mtu wa kumlaumu nikupe."

Hilo lilimwuma zaidi. Angepewa wa kumlaumu, angalau wangekuwa wawili chumbani.

Daktari akanyoosha klipu ya karatasi, akaikunja iwe na ncha mbili. "Nitakugusa kwenye shahada. Niambie, ni ncha moja au mbili?"

"Moja."

"Na sasa?"

"Moja."

"Na sasa?"

Akajibu tena moja, na kimya cha daktari kikawa kirefu mno. "Zilikuwa mbili," akasema Mama Nukta. "Zote zilikuwa mbili."

"Zote, mama. Na zilikuwa mbali kuliko nukta zako."

Walimpima kwa umeme mdogo, kuona ujumbe unavuka vipi kwenye kifundo. Ulivuka kwa kuchechemea. Daktari aliminya nyama iliyo chini ya gumba, akamwambia naye aiminye. Ilikuwa imenywea, kama mto uliopungua pamba. Kisha akasema kwa upole maneno ambayo Mama Nukta aliyabeba nyumbani neno kwa neno. "Ungekuja mwanzoni, ningekufunga gango la usiku, kifundo kilale kimenyooka. Ningekupumzisha, pengine na sindano moja ya kupunguza uvimbe. Wengi hupata nafuu hivyo tu. Sasa inabidi tuukate ule utepe, mshipa upate nafasi. Ni upasuaji mdogo, utakwenda nyumbani siku hiyohiyo. Maumivu ya usiku yataondoka."

"Na nukta?"

"Mshipa ulioumia hukua polepole mno. Ukibahatika, kama milimita moja kwa siku. Wengine hurudi, wengine hurudi nusu. Sitakuahidi."

"Mimi siombi nguvu, daktari. Ndoo wifi atanibebea. Nataka nihisi nukta moja tu."

"Nimekuelewa," akasema daktari.

Walimkata akiwa macho, mkono tu ndio uliotiwa ganzi. Alichosikia ni vyombo vikigusana kwenye sinia na mtu akiuliza kama feni iongezwe. Alikuwa ametarajia kusikia utepe ukikatika, kama uzi wa nguo. Haukutoa sauti.

Nyuzi zilitolewa siku ya kumi na mbili. Maumivu yalikuwa yameshaondoka, kama alivyoambiwa. Alilala usiku mzima, kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi, akaamka akiwa na mwili wa mtoto na huzuni ya mtu mzima. Ncha za vidole zilikuwa kama amevaa soksi. Aligusa kikombe, akajua ni cha moto. Akagusa kitambaa, akajua ni kitambaa. Karatasi ya nukta ilikuwa karatasi.

Alifanya mazoezi aliyopewa: kunja vidole, kunjua, usikunje kifundo, usikandamize. Mwezi ukapita, wa pili ukafuata. Kila asubuhi alishusha shahada juu ya ukurasa na kila asubuhi aliambulia ulaini uleule. Wifi alikuwa akijifanya anaosha vyombo, lakini maji hayakuwa yakisogea.

Siku moja wifi akasema, "Nifundishe kutoboa hizo nukta zako. Nitakuwa nakuandikia moja kila siku, kubwa, uijaribu. Hizi za vitabu ni ndogo, hata mimi mwenye macho sizioni."

Mama Nukta alimpa kibao cha kutobolea na kalamu ya chuma. Wifi alihangaika mchana kutwa, akihema kama anapasua kuni, akitukana karatasi. Jioni akamletea kazi yake. "Soma. Nimeandika neno zima."

Shahada haikuona kitu. Cha kati hakikuona kitu. Alipokuwa akiiondoa karatasi, kidole kidogo kilijikwaa. Akakirudisha. Pale. Punje. Na nyingine kando yake, na nyingine, dhahiri, kama mtu anapobisha hodi.

Akakipitisha tena mpaka mwisho. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Unalia, wifi?"

"Nacheka. Umeandika kinyume. Nukta hutobolewa kutoka kulia, maana karatasi itageuzwa. Hili neno limesimama kwa kichwa."

"Ungesema mapema," akasema wifi, lakini sauti yake ilikatika katikati, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Kidole kidogo, basi. Kilikuwa kizima, lakini kilikuwa mjinga. Miaka hamsini na zaidi kilikuwa kikiburutwa pembeni kama mtoto asiyepelekwa shule kwa kuwa wakubwa zake wanasoma. Kilijua kwamba kuna nukta, hakikujua zinasemaje. Kilihesabu moja, mbili, kikapotea, kikaanza upya. Kwa asubuhi nzima kilisoma nusu mstari, na mkono ulipochoka kukaa umepinda upande, Mama Nukta alilazimika kuuacha, wala hakuweza kuhamia mwingine, kwa sababu daktari alikwishamwambia mkono wa kushoto nao umeanza safari ileile.

Mwezi wa nne alirudi karakana. Mkuu hakumkataza, alimwambia tu, "Tuone." Mezani paliwekwa kitabu kilekile cha hesabu, kilichochapwa upya.

"Macho, leo umekuja nayo yote mawili?"

"Yote mawili," akasema Macho. "Na mdomo nimeufunga."

Alisoma kwa kidole kidogo. Wenzake wa meza nyingine walikuwa wakigeuza kurasa, yeye akigeuza maneno. Macho hakuvuta pumzi. Mama Nukta alisikia jinsi alivyokuwa akijizuia. Alikuwa amekiweka kitabu cha wino mbele ya mdomo wake, na hewa ilipita puani taratibu, kama ya mtu aliyejificha. Walianzia ukurasa wa hamsini, wakafika wa hamsini na mbili baada ya siku tatu.

Ilikuwa namba. Alama ya namba aliipata. Iliyofuata ilikuwa na nukta mbili juu, hizo alikuwa na hakika nazo. Chini yake kulia, palikuwa na kitu, au pengine hapakuwa. Alikwenda, akarudi. Akapunguza uzito wa mkono mpaka ukawa kama si wake. Nne, au tatu. Alijua ni ipi. Barua ilikwisha kumwambia ukurasa ule una nini. Lakini kidole hakikujua, na sheria ilikuwa inauliza kidole.

Chai ilipoa. Macho hakusema kitu. Hakuna alichowahi kumfanyia kilichokuwa kigumu zaidi.

"Sijui," akasema Mama Nukta.

Alisikia kalamu ya Macho ikiandika neno hilo pembeni mwa orodha. Alisikia karatasi ikiinuliwa mbele yake, viti vikisogezwa, na kwenye meza ya pili mwanafunzi wake akisoma mstari mzima kwa pumzi moja, pamoja na ile namba, kana kwamba si kitu.

Mchana ule aliomba mashine ya vitufe sita ya kuchapia nukta. Kuandika hakukuhitaji ncha za vidole. Vidole vilijua njia hata vikiwa na ganzi. Alimwandikia yule msichana. Aliandika kwamba kidole chake ni kizima, kizima kabisa, kwamba kilisoma sawasawa kile kilichokuwapo, na kwamba kilichoharibika kilikuwa kidole kingine, cha mtu mzima, ambaye alijua na akanyamaza. Ilikuwa mistari tisa. Alipoichomoa karatasi alishusha shahada juu yake kwa mazoea ya miaka ishirini na saba, akakutana na ulaini.

Akaipeleka mwenyewe meza ya pili, akipapasa viti.

"Nisomee," akasema.

Kidole cha yule mwanamke kikapita, shaa, shaa, bila sauti ya mdomo, kwa sababu alikuwa ameona ni barua ya siri. Mama Nukta alisimama akisubiri, mikono imening'inia. Alijua mahali palipo na shaka, mstari wa tano, ambapo kitufe kimoja kilikuwa kizito. Aliwaza kama kilishuka mpaka chini.

"Iko safi, mama," akasema mwanafunzi wake.

"Mstari wa tano?"

"Uko safi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakuwa na la kufanya ila kuamini. Akaikunja barua mara mbili, polepole, kwa viganja, nukta zisilale.